Aliyeshika Kamera

Binti yangu Tamsin ndiye mwenyekiti wa Klabu ya Upendo shuleni kwao, ile inayokutana jioni baada ya masomo. Kaulimbiu yao: "Hatumwachi mtu nje." Kitabu cha picha cha mwaka kilipotoka, nikamburuta hadi kwa jirani yetu Darlene nikajigambe. Bintiye Josie naye ni mwanachama.

Darlene akaitazama picha ya klabu kitabuni. "Josie wangu mbona simwoni?"

"Tamsin!" nikafoka. "Mwenzenu yuko wapi?"

"Si ndiye aliyetupiga picha, mama. Tulipiga kura, wote tukamchagua yeye."

Sikujua pa kuuweka uso wangu.

Josie akachungulia kutoka jikoni. "Usimgombeze, mama Tamsin," akasema. "Walinipigia na makofi."