Kola ya Uzi wa Bluu

“Wewe uliyeishia darasa la saba, mambo ya intaneti utamfundisha nani?”

Hilo aliniuliza jirani yangu nilipoanza kuwakusanya mabinti wa mtaani kila Jumamosi katika chumba changu cha kushonea. Nikamjibu kwamba mimi nimewatangulia kukosea. Niliwahi kusambaza kwa simu habari za kifo cha mhubiri wetu. Tukamlilia asubuhi nzima, mchana akapita kuulizia suruali yake. Siku hiyo nilimwahidi Mungu kwamba sitasambaza kitu kabla sijakigeuza upande wa ndani, kama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine. Kaishona nani? Kitambaa kakitoa wapi? Mshono uko wapi? Hayo ndiyo niliyowafundisha.

Jumatatu moja, kabla ya kengele ya shule, jirani aliingia akimburuta mtoto wa kaka yake anayemlea, binti tunayemwita Sindano kwa wembamba wake.

“Shule basi! Mpe cherehani ashone. Katuvua nguo mbele za watu.”

Akanisukumia simu. Sindano alionekana kavaa gauni la mabega wazi, kapakatwa na mwanamume, meza imejaa chupa.

“Shangazi, si mimi.”

“Kimya! Na hiyo sura ni ya nani?”

Nikavaa miwani. Sura ilikuwa yake kweli.

“Sindano,” nikasema, “Jumamosi huwa tunaanzia wapi?”

Akajifuta machozi, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaishusha taratibu hadi shingoni.

“Kola, Bibi.”

Chini ya kidevu kilibaki kipande cha kola nyeupe chenye mshono wa bluu. Kola hiyo niliishona mimi. Uzi mweupe uliniishia, nikamalizia kwa bluu, na sare ya namna hiyo ni moja tu shuleni kwao.

“Hii sura imekatwa kwenye picha yangu ya siku ya zawadi,” Sindano akasema. “Uliiweka wewe mtandaoni, Shangazi, aione kila mtu, na jina la shule juu.”

Tukaifungua picha hiyo ya zawadi. Kichwa kimeinama vilevile, kivuli kimelala shavu lilelile.

Jirani akajibweteka juu ya vitambaa. “Nilikuwa najivunia mtoto wangu.”

“Najua. Sasa waandikie waliokutumia kwamba ni ya kuunganisha, kisha twende wote kwa mwalimu mkuu.”

“Niandike mimi? Nichekwe? Akae nyumbani kwanza, watu wasahau.”

“Wakucheke! Mimi nilimlilia mtu aliye hai, na nikawaandikia wote kwamba nimekosea. Mbona sikufa?”

“Nimesema haendi.” Akasimama, akaziba mlango kwa mkono.

Kengele ikalia ng’ambo ya barabara. Sindano akainyoosha kola yake, akatundika mkoba begani, akainama chini ya mkono wa shangazi yake, akatoka, akavuka barabara.