Pawatila Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Pawatila ya vijana, trekta dogo la magurudumu mawili, ililetwa kabla ya mvua, ikashushwa mbele ya ofisi ya kata, ikafungwa utepe shingoni kama mbuzi wa mahari. Mwaka mzima vijana walikuwa wamehubiriwa kwamba kilimo ni ajira, waache kushinda kijiweni. Divine, binti wa Sylvesta, akasadiki. Alikuwa amekwisha kufungasha begi aende Kibondo kuuza dukani kwa mama mmoja, Kudra. Akalifungua, akaingia kwenye kikundi, wakapewa bonde la kijiji, njia ya kwenda Kitanga.

"Msimu mmoja tu, baba," alisema. "Maharage yakigoma, naondoka."

Sylvesta alitazama lile begi. Tangu mkewe Maximilla afe, nyumba ile ilikuwa na watu wawili na sauti moja. Binti akiondoka, hata hiyo moja ingekwisha.

Mvua ikafika. Pawatila haikutoka stoo, kwa maana haijazinduliwa, na wa kuizindua ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana ratiba. Wiki hii yuko Dodoma, wiki ijayo ana semina. Kuku wa mlinzi akataga juu ya kiti cha pawatila. Wakubwa ndivyo walivyo: watakuhimiza ulime mpaka koo liwakauke, lakini mvua nayo wanataka ingoje kikao.

Sylvesta alikata ndizi zake, akazivundika, akakamua pombe. Kazi hiyo hakuigusa tangu msiba. Akaita majirani, kila mtu na jembe lake, kama ilivyokuwa zamani mtu akielemewa na shamba. Walilima bonde wakiimba Kiha, wakanywa, wakamtania.

"Kumbe bado unajua kukamua, Sylvesta. Tulidhani umebaki na kununa tu."

"Lima wewe. Mdomo haulimi."

Maharage yalikuwa yakitoa maua ndipo Isihaka, mtendaji wa kata, alipokuja kwao, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umetukumbuka."

"Mgeni rasmi anakuja kesho. Atalima mistari miwili, apigwe picha. Nimekuja kuwaambia tutatumia kile kipande cha bondeni, karibu na barabara."

Divine alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Akasimama.

"Pale si kuna maharage yetu, mtendaji?"

"Kipande tu. Mtapanda tena."

"Na mvua ya kupandia utaizindua wewe?"

"Binti, tusikorofishane. Msipompokea mgeni, bonde watapewa wengine."

"Kalimeni uwanja wa mpira," Sylvesta alisema.

"Kuna mechi."

"Basi ofisini kwako."

"Pale ni changarawe, mzee. Itavunja meno."

Divine alikwisha kuingia ndani. Wote wawili walisikia zipu ya begi.

Sylvesta aligeuka akatazama nyuma ya jiko. Pale palikuwa na kishamba cha Maximilla, magimbi yake yamemezwa na majani. Hakuna aliyeruhusiwa kupagusa. Divine aliwahi kupaomba apande mchicha, akafukuzwa kama kuku. Jembe la mwisho kupita pale lilikuwa la marehemu, na matuta aliyoyapandisha bado yalionekana ukiinama.

"Alime hapo," alisema.

"Nyuma ya jiko? Mgeni rasmi?"

"Udongo ni udongo. Pa kusimamisha mpiga picha mtajua wenyewe. Bondeni msiguse."

Isihaka alipapima kwa macho. "Gari litafika?"

"Likikwama tutalisukuma. Kuwasukuma tumezoea."

Kesho yake mgeni rasmi alifika mchana umeinama. Akakata utepe. Fundi akamshikia mikono ya mashine, moshi ukapanda, mistari miwili ikapasua matuta ya Maximilla, na magimbi yaliyokatika yakang'aa meupe katika udongo mweusi. Sylvesta alisimama kwenye kona ya jiko, kofia mkononi, kama siku ile ya kuzika.

"Vijana," mgeni rasmi alisema, "ardhi ndiyo hii."

Wakampigia makofi. Gari halikukwama. Pawatila ikarudishwa stoo, safari hii ikisubiri kibali cha mafuta.

Watu walipotawanyika, Sylvesta alipiga magoti akaanza kuokota magimbi, yenye kichwa kizima akiyaweka kando. Divine akaja na majembe mawili.

"Hiyo mistari yao nipande mchicha?"

"Ego," alikubali kwa Kiha. "Panda. Kwingine kote ni magimbi ya mama yako."

Akapokea jembe, akaanza kuinua tuta pale pale lilipokuwa. Akasema bila kuinua kichwa:

"Begi lako linazuia mlango."

"Nitalifungua, baba. Tumalize kwanza hapa."