Bristol Haipindwi Mgongo

Mwanaume asiye na albamu ya familia alihesabiwa kuwa Mai-Mai, mpiganaji wa msituni. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kambi ya mahabusu ya Beni mwaka wa 2001, na ilibandikwa mlangoni kwa gundi ya unga wa mihogo. Albamu ya kumtoa mtu iwe na kurasa kumi na mbili, zote za bristol, ile karatasi ngumu ya mialiko ya arusi. Karatasi nyepesi ni ya watu waliojitengenezea familia jana.

Eliane alikuwa na mume aliyefungwa ndani ya kambi hiyo tangu Pasaka. Mume huyo aliitwa Kambale Syauswa. Albamu yao iliungua pamoja na nyumba, mbuzi watatu na mlango mpya, siku askari walipopita kijijini. Eliane alikimbilia Butembo kwa wifi yake Jokébed. Mume wa Jokébed, Kasereka, alikuwa kambini vilevile.

Kabla ya vita Eliane alitengeneza albamu za arusi. Alikata bristol kwa makasi yenye meno, akabandika picha, akazungushia utepe. Kazi aliijua. Alichokosa ni picha. Akauza cherehani yake, akaenda kuchagua imprimante, mashine ya kuchapa.

Éliakim alikuwa nazo tatu dukani. Zilitoka Kampala, zikapita mpaka wa Kasindi juu ya magunia ya chumvi.

"Hii ya kwanza iko ya bureau," Éliakim alisema. "Inaandika mbio kuliko sekretere."

Eliane alitoa kipande cha bristol mkobani, akakiingiza. Mashine ilikimeza kutoka chini, ikakizungusha kwenye gurudumu, ikakitema kimekunjamana.

"Hapana hii. Inapinda karatasi mugongo."

"Mais mama, karatasi yote inapindwa."

"Bristol haipindwe. Wewe unaweza kukunja ubao?"

Ya pili ilitumia wino wa unga na kuuchoma kwa moto. Bristol ilipita salama. Eliane akakwangua kwa ukucha, na herufi zote zikahamia kwenye ukucha.

"Hii inapaka poda tu. Hata mimi najua kupaka poda."

Ya tatu ilikuwa nzee, ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Karatasi iliingia kwa nyuma na kutoka kwa mbele, imenyooka kama mtu anayepita mlango wa kanisa.

"Hiyo nakuambia ukweli," Éliakim alisema. "Haina wino, na wino yake haipatikane tena. Na bristol inakula mpira wa kuvutia karatasi. Kumi na mbili, labda kumi na tatu, mpira umekwisha. Kompyuta uko nayo?"

"Hapana."

"Donc utaiambia nini?"

"Nitaiambia nachotaka."

Éliakim aliifunga kwa kamba, akampunguzia bei kidogo. Wateja wanaojua wanachotaka walikuwa wachache mwaka ule.

Jokébed alitafuta nusu lita ya petroli na kuazima jenereta ya jirani. Saa nne asubuhi wakawasha. Eliane aliweka bristol kwa nyuma, akaweka kiganja juu ya mashine, akasema, "Arusi ya Kambale, mwaka wa tisini na mbili, mbele ya kanisa, watu wote."

Mashine ilikohoa, ikatoa picha. Ilikuwa ile ile iliyoungua, pamoja na kidole cha mpiga picha kwenye kona.

Jokébed aliitazama, kisha akamtazama wifi yake.

"Nywele zako za mbele zimekuwa mvi."

"Ni wino. Ilipaswa kutoka pahali."

Wakaendelea. Ubatizo, mavuno ya maharagwe, marehemu mama mkwe akicheka. Kwenye ukurasa wa saba weusi wa nywele uliisha. Wa nane ulichukua unyusi wa kushoto, wa tisa wa kulia. Wa kumi ulichukua kichwa cha kivuli chake, wa kumi na moja kiwiliwili, na wa kumi na mbili miguu. Saa tano Eliane alisimama katikati ya uwanja na chini yake hapakuwa na kitu. Kuku aliyezoea kujipumzisha kivulini mwake akahamia kwenye cha Jokébed.

Jokébed akaweka kiganja chake juu ya mashine, akataja jina la Kasereka. Gurudumu lilizunguka bila kuvuta. Mpira ulikuwa umekwisha.

"Nenda na ile iliyopo," Jokébed alisema, akaenda kufua.

Kwenye kizuizi cha njia ya Beni askari alimwuliza Eliane kivuli chake kiko wapi. Alijibu kiko ndani ya albamu. Askari akafungua, akakikuta, akamruhusu apite.

Mlangoni mwa kambi alikaa sajini Abdias, mtu wa mbali, aliyezoea Kilingala. Alipima unene wa kila ukurasa kwa vidole. Hakuna aliolegea.

"Bien. Jina ya bwana?"

"Kambale."

"Kambale nani?"

Eliane alifungua mdomo kusema Syauswa, kisha akaufunga. Kwa Wanande, watu wa Beni na Butembo, mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne Kakule, wa sita Mbusa, na karibu kila nyumba ina wake. Kwao Abdias, jina lilikuwa la mtu mmoja.

"Kambale tu," alisema. "Na Kasereka."

"Albamu moja, jina moja! Mama, unaniona mujinga?"

Abdias aliandika, "Kambale aachiwe," akagonga muhuri, akaenda kwenye uzio na kuita. Wanaume kumi na tisa wakasimama.

"Nimeita mutu moja!"

"Umeita Kambale, chef," alijibu wa mbele, mzee asiye na meno. "Ni sisi."

Abdias alifungua picha ya arusi, akalinganisha uso mmoja mmoja. Wote kumi na tisa walikuwemo. Eliane aliiambia mashine watu wote, nayo haikubagua vijiji. Karatasi yenye muhuri iliweza kuchanwa na komanda peke yake, na komanda alikuwa Kasindi hadi Ijumaa. Abdias akafungua mlango.

Kambale kumi na tisa walipita barabara kubwa ya Beni kwa mstari mmoja, mchana kweupe, wakiimba zaburi za Kikatoliki na za Kiprotestanti kwa pamoja. Wanawake waliacha vibanda na kupiga vigelegele. Waendesha pikipiki walipiga honi hadi Mulekera. Mtu mmoja aliuliza ni ushindi wa chama gani. Akajibiwa ni wa watoto wa pili.

Syauswa alitembea upande wa jua ili kivuli chake kimfunike mke wake.

"Umenunua nini?"

"Imprimante."

"Iko muzuri?"

"Haipinde karatasi."

Ijumaa komanda alirudi, na amri mpya ikabandikwa: kurasa ishirini na nne, na majina yote.

Eliane alitoa cherehani moja, weusi wa nywele zote za kichwa, nyusi mbili na kivuli kimoja. Kambini walibaki Kakule sita, Mbusa wawili na Kasereka tisa, mmoja wao mume wa Jokébed.