Vichupo Vilivyofungwa Mchana

Kwa Thục, ukishafunga umefunga. Ndivyo alivyoshikilia miezi yote ile katika ofisi yao ya pale Đà Nẵng, wanakotengeneza kivinjari cha kusomea mambo ya mtandaoni. Mtu akifunga dirisha, vichupo vyote vilivyomo, yaani kurasa zote alizokuwa amezifungua, vife nalo, na akirudi kesho akute peupe. Khải, kijana wa meza ya pili, yeye alitaka kila kitu kifufuke.

"Dada Thục, mtu kafunga kwa bahati mbaya. Alikuwa na vichupo arobaini. Sasa alie?"

"Alie. Nani kamtuma afungue arobaini?"

"Una roho mbaya wewe."

"Na wewe una huruma ya kipuuzi. Mtu kaazima kompyuta ya shangazi yake, kamaliza mambo yake, kafunga. Shangazi anafungua, pwaa, yote hayo hapo! Utamlipia wewe nauli ya kuhama mji?"

Kila mmoja alikuwa ameshatengeneza cha kwake, na bosi wao, kaka Vĩnh, alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo, baada ya usingizi wa mchana, angevijaribu vyote viwili mbele ya watu na kuchagua kimoja. Hapo ndipo wale wawili walipowekeana dau. Si la pesa. Ofisini kwao, watu wakishakula mchana taa huzimwa, kila mtu akakunjua kitanda chake kati ya meza na kulala. Pembeni pa kaka Vĩnh hapalali mtu, kwa sababu kaka Vĩnh anakoroma. Anakoroma, jamani! Vikombe vinacheza mezani. Na ofisi nzima ni yeye peke yake asiyejua, maana nani atathubutu kumwambia? Basi atakayeshindwa atalala hapo mwezi mzima. Thục, ambaye mbu akipita tu ameshaamka, alipeana mkono na Khải huku anacheka.

Mchana taa zikazimwa. Khải akalala mdomo wazi. Thục akanyata hadi kwenye kompyuta ya Khải, akaketi. Si kivinjari chake kinarudisha kila kitu? Haya, kirudishe. Akafungua ukurasa wa dawa ya kunguni, akafungua mwingine wa namna ya kusinzia kikaoni macho yakiwa wazi, kisha wa tatu, namna ya kuacha kazi bila kumuudhi bosi. Alijiziba mdomo asicheke. Na kwa kuwa hamu ya mapera ilikuwa imemshika, na simu yake inachajiwa kule kwa kaka Vĩnh, akaona aagize papo hapo mapera yake kwa yule mama muuza matunda wa ng'ambo ya barabara. Akaagiza, akakifunga kichupo hicho peke yake, kwa uangalifu. Halafu akafunga dirisha zima pamoja na vile vitatu, akarudi kitandani, akajifunika gubigubi.

Taa zilipowashwa, Khải aliunganisha kompyuta yake na skrini kubwa ya ukutani.

"Kaka, tazama. Mtu alifunga dirisha lake. Sasa analifungua tena."

Wakatokea kunguni. Ofisi ikaangua kicheko. Ukaja ule wa kusinzia kikaoni, watu wakagonga meza. Ukaja wa tatu, ule wa kuacha kazi. Kaka Vĩnh alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Khải, mdogo wangu. Kumbe unatuacha?"

"Si mimi, kaka! Naapa kwa mama yangu mzazi!"

"Maskini Khải," Thục akadakia, sauti imejaa asali. "Kaaibika bure. Ndiyo maana mimi nasema, ukishafunga umefunga."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, kaka Vĩnh naye akatikisa chake. Khải alikuwa karibu kulia. Thục aliona ameshashinda, akaanza kuiwaza kona yake tulivu.

"Ngoja kwanza," kaka Vĩnh akasema. "Hivyo vilifungwa kwa pamoja. Je, kimoja kilichofungwa peke yake, nacho kinarudi?"

Thục akainuka nusu kitini.

"Kinarudi, kaka," Khải akajibu, akabonyeza.

Yakaja mapera. Yalijaa ukuta mzima: mapera ya chumvi na pilipili, mfuko mmoja, pilipili iongezwe, apelekewe dada Thục, ghorofa ya tatu.

"Hee! Wee Thục!"

"Mwanamke mchawi huyu!"

Khải akamgeukia taratibu. "Pilipili iongezwe, eh?"

Thục alitamani ardhi ipasuke immeze. Uso ulimwaka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye mwenyewe, palepale, aliona jinsi kitu kile kilivyofanya kazi vizuri.

"Nimechagua," alisema kaka Vĩnh, akifuta machozi ya kicheko. "Virudi. Kitu kinachokamata mwizi mchana kweupe, nani asiyekitaka?"

Kesho yake mchana, wenzake walikibeba kitanda chake mpaka kwa bosi kwa vigelegele, kama wanampeleka bibi harusi. Thục alifuata nyuma amekumbatia mto.

"Mbona unahamia huku, mdogo wangu?" kaka Vĩnh akauliza.

Ofisi nzima ikabana pumzi. Aseme nini? Kwamba ni adhabu? Thục akajitia kutabasamu.

"Huku kumetulia, kaka. Nimeona ndiko nitakakopata usingizi."

Kaka Vĩnh macho yakamlegea.

"Unajua, miaka yote hii hakuna aliyewahi kulala karibu nami. Nilidhani mnanichukia." Akasogeza viatu vyake, akampangusia sakafu kwa mkono wake mwenyewe. "Basi hapa ni pako moja kwa moja. Atakayejaribu kukuhamisha, hata baada ya mwaka, aje aniambie mimi."

Kule kwenye kona, Khải alikuwa ameuma mto, kicheko kisimtoke. Mtu akazima taa.