Kikao cha Familia Juu ya Matumbawe

Kaka yangu mkubwa hajawahi kuninunulia hata soda. Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu kwamba kaka amekodi yoti ya kututembeza visiwani, mimi na dada yetu mdogo, chakula na kila kitu juu yake, aliacha kukunja nguo akaniangalia.

"Mbuzi akianza kulishwa vizuri ghafla, aulize kuna nini."

"Mimi si mbuzi."

"Basi nenda. Ila usikubali jambo lolote ukiwa umeshiba."

Nikaenda. Mimi ni fundi makochi, likizo yangu huwa ni umeme ukikatika. Nyumba aliyoacha marehemu baba ndiyo karakana yangu: chumba cha mbele kimejaa sponji, mbao na cherehani, chumba cha nyuma analala mama. Kaka anataka iuzwe, mama akaishi kwake ghorofani, kila mtu achukue fungu lake. Mama alishatoa neno lake, na halibadiliki: "Wanangu watatu mkikubaliana, nami nimekubali." Dada, ambaye ni nesi, alishakubali. Nilibaki mimi. Kila kaka alipokuja kunibana, nilikanyaga cherehani ikanguruma mpaka akachoka akaondoka.

Kwenye yoti hakuna cherehani. Hakuna hata mlango wa kutokea.

Siku ya kwanza sikuliona hilo. Nitasema ukweli, boti lilikuwa zuri. Jeupe, tanga refu, vyumba vidogo chini vyenye vitanda vilivyokazwa shuka. Mito ya viti vya nyuma ilikuwa na mishono iliyonyooka, nikamheshimu aliyeishona kabla sijamheshimu nahodha. Nahodha mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mpiga mnada. Alitufunga vioo vya kuogelea usoni akatutupa majini, nikaona samaki wa rangi ambazo nikimshonea mteja kochi nazo, atadai nilikuwa nimelewa. Dada alicheka mpaka akameza maji. Sikumbuki mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo.

Asubuhi ya pili maji yalikuwa yamejaa. Nahodha akatuingiza katikati ya duara la matumbawe, akafunga boti kwenye boya, akasema hapa ndipo pazuri kuliko pote. Tukanywa chai. Kaka akagonga kikombe kwa kijiko.

Nyumbani tunamwita Mwenyekiti. Tangu utotoni, hata tukila maembe, lazima aongoze.

"Ndugu zangu," alianza, "kwa kuwa leo tumetulia, tulimalize lile jambo la nyumba."

Hapo nikaelewa kwa nini nililishwa.

"Limeshamalizika," nikasema. "Sikubali."

"Hujasikia hata bei."

"Sina haja ya kuisikia."

"Mdogo wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Livunjike. Mimi nashona kwa mikono."

Dada alijizuia kucheka akashindwa. Kaka akamgeukia. "Mwambie na wewe! Wewe ndiye unayemtibu mama."

Dada aliweka kikombe chini akanigeukia mimi. Yeye hana maneno ya kupamba. "Kaka, ile nyumba inavuja. Mvua zilizopita nilimkuta mama amehamisha kitanda mara mbili usiku mmoja, na magoti yale. Wewe ulikuwa chumba cha mbele unafunika makochi ya wateja."

Hilo liliniingia. Nikainamia kikombe changu, na kaka akadhani nimelainika.

"Umeona? Anaongea nesi huyo."

"Nimesikia," nikasema. "Paa linavuja, basi litengenezwe paa. Mtu akiumwa jino hauzi kichwa. Mama nilimuuliza mwenyewe, akasema anataka kufia kwenye chumba alichotuzalia. Wewe ulimuuliza?"

"Mama ni mtu mzima, hajui linalomfaa."

"Alijua linalokufaa wewe ulipokuwa na surua."

Kaka akasimama. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Nimekuleta hapa kwa heshima, unakula changu, unalala kwangu, halafu unanijibu hivi? Nahodha! Geuza boti. Tunarudi bandarini sasa hivi."

Nahodha alitoka jikoni na taulo begani, akachungulia nje. Maji yalikuwa yameanza kushuka, na matumbawe yalichomoza pande zote kama meno.

"Haiwezekani, mzee. Hapa tunatoka maji yakijaa tena, alasiri."

"Mimi ndiye niliyekodi!"

"Boti umekodi. Bahari hukukodi."

Kaka akashuka chumbani kwake akafunga mlango kwa kishindo. Kule chini hakuna upepo. Haukupita muda akapanda juu, shati limemganda mgongoni, akakaa mbele kabisa ametupa kisogo. Mtego alioniwekea ulikuwa umemnasa na yeye. Mimi nikavaa vioo nikaruka majini. Nilipanda, nikala, nikaruka tena. Nilikula samaki wake, na embe lake, na nikaomba nyongeza. Kama alidhani aibu itanitoa neno, basi alikuwa hanijui.

Dada alinikuta ngazini. "Paa utalitengeneza kwa pesa gani, kaka? Sema kweli."

"Nitauza mashine moja."

"Na usipopata mnunuzi?"

"Nitapanda na bati la kuomba. Lakini sikubali."

Alitikisa kichwa. "Una kichwa kigumu kama jiwe la kunolea."

"Ndiyo maana bado mna nyumba."

Alasiri maji yakajaa. Nahodha akatupitisha taratibu kwenye mlango wa matumbawe, na tulipotoka tu, simu ya kaka ikalia, mtandao umerudi. Hapohapo nikamwona anapiga, ameweka sauti kubwa kwa sababu ya injini.

"Mama, shikamoo. Tumeongea vizuri sana. Tumeelewana, yaani..."

Nilikimbia nikiwa nachuruzika maji, nikateleza, nikaangukia goti, nikapiga kelele pale pale chini: "Mama, mimi sijakubali!"

Kisha sauti ya mama: "Nani huyo?"

"Mwanao wa katikati."

"Hujakubali?"

"Sijakubali, na sitakubali."

"Na binti yangu?"

Dada alimtazama kaka, akanitazama mimi na goti langu linalotoka damu. "Mimi nilikubali, Mama. Na sijabadilika. Nyumba inavuja."

"Sawa. Nilisema watatu. Mko wawili." Akakata simu.

Kaka alibaki ameishika ile simu. "Siku mvua ikimuua, usinipigie," akaniambia.

"Sitakupigia. Nitakuwa juu ya paa."

Nahodha akapunguza injini. "Jamani, tunarudi bandarini au tunaendelea visiwani? Siku zenu bado zipo."

"Bandarini," akasema kaka.

"Visiwani," nikasema.

Dada alikuwa anachana bendeji ya kunifunga goti. Hakuinua uso. "Mimi ruhusa kazini naipata kwa kupiga magoti. Sirudi kabla haijaisha. Visiwani."

Tukaenda visiwani. Kaka alikaa mbele ametupa kisogo mpaka jua likazama, na mimi nililala usingizi mzito.