Kidole cha Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikisikia mtu akitaja mgeni rasmi, nakwenda kunawa mikono. Nitaeleza kwa nini, na msije mkasema nina hasira za bure.

Mimi ni Evelina, fundi wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja hapa Buswelu. Kwa miezi minane nilijenga chombo kimoja: pipa dogo la shaba, ndani yake nyaya nyembamba kuliko unywele, halafu unajaza gesi na kufunga kabisa. Atomu za gesi ile hukaa miaka isiyohesabika bila kubadilika, ila mara chache mno moja hujivunja yenyewe, na nyaya zikahisi. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiivizia. Shida ni kwamba karibu kila kitu kina mionzi kidogo isiyomdhuru mtu: mawe yetu haya, jasho, hata chakula. Uchafu kidogo tu ukiingia, chombo kinahesabu upuuzi. Kwa hiyo nilikisafisha kwa asidi, nikavaa glavu mbilimbili, nikakizungushia matofali ya risasi, madini mazito yanayozuia mionzi ya nje. Wiki mbili nzima kilihesabu mara mbili tu kwa siku. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Ndipo Profesa Machibya, mkuu wetu, akaandaa uzinduzi. Hapa kwetu kitu hakihesabiki kuwepo mpaka utepe ukatwe. Yakaja maturubai, kwaya, sato wa kukaanga kwenye rojo zito la nyanya, na mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja aliyekula kwa mikono yote miwili mpaka mafuta yakafika kwenye saa. Akauliza ndani ya pipa kuna nini. Nikamweleza kwa heshima kwamba halifunguliwi. Profesa akacheka, akasema mheshimiwa hawezi kuzindua asichokiona, akaniamuru nifungue. Nami, mjinga mimi, nikatoa gesi nikafungua.

Yule bwana hakunawa. Aliramba vidole kimoja kimoja, kisha akaingiza cha shahada ndani, akapapasa shaba yangu kama anayechagua embe sokoni Mkuyuni, akasema ni safi sana. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na hilo linanitia kinyaa kuliko lile rojo.

Niliomba nikisafishe upya. Profesa akakataa, eti wenzetu wa vyuo vingine wanasubiri takwimu, nijaze gesi nifunge. Nikafunga. Siku ya kwanza kikahesabu kumi na moja. Ya pili, kumi na tatu. Wiki ilipoisha Profesa akaingia maabara anatabasamu, mkononi ana barua ya kuutangazia ulimwengu kwamba tumeziona atomu zikijivunja. Ilihitaji sahihi mbili, yake na ya fundi aliyejenga chombo.

Nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikamwambia, "Profesa, hizi si atomu. Huu ni mchuzi wa sato."

Nilitegemea abishe. Alifunga mlango, akaketi.

"Najua, Evelina. Nilimwona. Lakini wote waliokuwepo pale hawajui maana yake. Tunaojua ni wawili."

Yaani alijua! Mtu aliyenifundisha mwenyewe kunawa kabla ya kugusa waya, wiki nzima alikuwa akifurahia mate ya mtu. Nilimwona mchafu, mchafu kabisa, na suti yake ile iliyopigwa pasi.

Sikuigusa kalamu. Nilikwenda kwenye chombo, nikafungua koki, gesi yote ikatoka ikifoka. Profesa akaruka kutoka kitini, lakini bila gesi wenzetu wasingeweza kuja kuhakiki hesabu, na bila sahihi yangu hapakuwa na cha kutangaza tena. Nikafungua bolti, nikanyanyua kifuniko. Alama ya kidole ilikuwa pale ubavuni, ya kahawia, imekauka, ganda la nyanya limeganda katikati. Harufu ikatupata sote wawili.

Nikalowesha pamba kwa spiriti, nikampa.

"Futa wewe."

Alifuta, uso ameugeuzia pembeni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo itachukua muda gani kuanza upya. Nikamwambia miezi minane, na aanze kwa kuichana barua.