Ukuta Usio na Mkono wa Mtu

Mafundi wanne walipewa ujia wa hospitali ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa, pamoja na sharti moja: plasta ionekane imepigwa na mtu mmoja. Watatu walisugua kwa mkono wa kulia. Wa nne, waliyemwita Shoto, alisugua kwa wa kushoto, na mizunguko ya mwiko wake ikaelekea kushoto, kinyume na yao. Mchana tofauti hiyo haikuonekana. Lakini msimamizi alipolaza tochi ubavuni mwa ukuta, sehemu ya Shoto ilijitokeza kama kovu.

Msimamizi alikuwa kaka wa mke wa Shoto, jambo lililompa uhuru wa kuwa mkali mara mbili.

“Shemeji, badilisha mkono.”

“Mkono huu nimezaliwa nao.”

“Hata huo mwingine umezaliwa nao. Ujia huu ukipita ukaguzi, tunapewa ghorofa zilizobaki, sote. Usipopita, wewe ndiye utakayemweleza dada yangu.”

“Na nikikataa?”

“Kidole kimoja hakivunji chawa.”

Methali hiyo, kwa kadiri inavyoweza kuthibitishwa, hupendwa zaidi na wale ambao vidole vyao havihusiki.

Shoto akabadilisha. Mwanzoni mwiko ulimtoroka, plasta ikamwagika, na Mrefu, fundi jirani yake kwenye jukwaa la ujenzi, akamuuliza kama anajenga hospitali au anapiga viatu vyake plasta. Baadaye mkono wa kulia ulizoea. Wa kushoto ukabaki unaning’inia, mtulivu mno, kama mgeni anayengoja kuambiwa akae wapi.

Mkewe aliliona hilo kabla yake.

“Mkono wako umekwenda wapi?”

“Si huu hapa?”

“Nauona. Nimeuliza umekwenda wapi.”

Akaomba maji.

Jioni iliyofuata msimamizi alilaza tochi tena. Alitembea ujia mzima, akarudi alikoanza, akatembea upya. Plasta ya Mrefu ilizunguka kushoto. Ya wenzake wawili ilizunguka kushoto. Sehemu moja tu ilizunguka kulia, nayo ilikuwa ya Shoto.

Maelezo ya kimantiki hayakukosekana: unyevu, mchanga, pembe ya tochi. Msimamizi aliyataja yote kwa utaratibu, akabadilisha tochi, akangoja ukuta ukauke. Yalikuwa maelezo mazuri. Kasoro yake pekee ni kwamba ukuta haukuyakubali.

Kesho yake, wakati wa chakula, Shoto aliwatazama wenzake. Vijiko vyote vitatu vilikuwa katika mikono ya kushoto.

“Unatuhesabia matonge?” Mrefu aliuliza.

“Unakula kwa mkono gani?”

“Huu.”

“Na zamani?”

Mrefu aliutazama mkono wake kwa subira, kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. “Huu huu, ndugu yangu. Wa kulia hapa ni wewe peke yako, tangu tukufahamu.”

Shoto alingoja acheke, maana Mrefu hakuwa mtu wa kuuficha utani wake. Mrefu aliendelea kula.

Alasiri msimamizi alipanda jukwaani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeanzisha mazungumzo mapya kabisa.

“Shemeji, sehemu yako inaonekana. Wakaguzi wako njiani. Badilisha mkono.”

“Ulishaniambia nibadilishe.”

“Lini?”

Shoto hakubishana. Alipaka tabaka jipya juu ya sehemu yake, akauhamishia mwiko mkono wa kushoto. Vidole vilifunguka polepole, bila maumivu, mwiko ukaanguka. Akauokota, akavikunja vidole kimoja kimoja kuuzunguka mpini. Vikafunguka tena. Aliviamuru, akaviomba, mwishowe akavitazama tu. Nyuma yake miiko mitatu ilikwaruza kwa mlio mmoja, na plasta mbichi ilikuwa inaanza kushika.

“Imekushinda, shemeji,” msimamizi alisema, kwa upole. “Shuka. Nyumbani nitakwenda kueleza mimi.”

Mrefu alisogea bila kuambiwa. Aliiinamia sehemu ile, akaanza juu, akashuka kwa upinde mpana wenye kigugumizi kidogo mwishoni. Kigugumizi kile hakuna aliyewahi kufundishwa. Kilitokana na kifundo cha mkono wa kushoto ambacho Shoto alikivunja utotoni.

Shoto alishuka jukwaani. Akasimama chini, akautazama mkono wake mwenyewe, kule juu kwa Mrefu, ukimaliza ukuta.